Si lazima uje, na usije: kumfundisha kijana wa Kiholanzi "can", "must" na wenzake

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, nikiwa nasonga ugali: "Teacher, tomorrow you must not come at three." Nikausoma mara mbili. Kwangu mimi hilo lilikuwa katazo, tena lisilo na maelezo. Kesho yake saa tisa alasiri nilikuwa nyumbani Kangemi nafua, na mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 14, alikuwa ameketi mezani kwao Kileleshwa, daftari wazi mbele yake, anatazama geti. Saa kumi na nusu mama yake akanipigia kuuliza kama niko salama.

Kijana hakuwa amefanya uzembe. Wazazi wake ni Wabelgiji, nyumbani wanaongea Kiholanzi cha Antwerp, na sentensi iliyokuwa kichwani mwake ni hii: "Je moet morgen niet om drie uur komen." Kwa Kiholanzi cha Ubelgiji maneno hayo yanamaanisha kwamba si lazima nifike saa tisa. Nikipata foleni Waiyaki Way, nije hata saa kumi, hakuna neno. Alikuwa ananihurumia. Akachukua "moet" akaweka "must", akachukua "niet" akaweka "not", na huruma yake ikanifikia kama amri ya kunifukuza.

Wiki hiyo nilinunua daftari jipya nikaanza kuandika Kiholanzi kidogo kidogo, kila kosa na chanzo chake. Sijifunzi ili niongee. Najifunza ili nijue kosa linatoka wapi, kwa sababu ukimsahihisha mtoto bila kujua lilikotoka, litarudi Jumanne ijayo.

Haya ninayoandika ni kwa walimu wenzangu wa tuisheni hapa Nairobi mnaopata wanafunzi wa aina hii. Hawajai mtaa, lakini wapo: wazazi wao wako kwenye maua, kwenye balozi, kwenye mashirika ya Gigiri. Waridi la Naivasha huuzwa mnadani Aalsmeer, Uholanzi, na biashara hiyo huleta huku familia zenye watoto wa sekondari. Kiingereza chao cha mazungumzo kitakushangaza kwa ufasaha, maana Uholanzi watoto huanza kukisoma wakiwa shule ya msingi, na wengi wanakisikia kila siku kwenye televisheni. Ufasaha huo ndio unaomdanganya mwalimu. Mtoto anasema mambo kumi kwa haraka bila kosa, la kumi na moja likiwa na "must" ndani yake linapita, na hujui kama ulichosikia ndicho alichokusudia.

Usianze na jedwali

Vitenzi vyenyewe ni tisa: can, could, may, might, must, shall, should, will, would. Walimu huviita modali, yaani vitenzi visaidizi vinavyobeba uwezo, ruhusa, ulazima na kukisia. Vitabu vingi huvipanga kwenye jedwali ukurasa wa kwanza, safu moja ya maana na nyingine ya mifano. Kwa mtoto wa Kiholanzi naomba usifanye hivyo. Akiliona jedwali ataona jamaa zake wa damu na ataacha kusikiliza: "kan" ni can, "mag" ni may, "moet" ni must, "zal" ni shall, "wil" ni will. Lugha hizi ni za ukoo mmoja, kama Kikuyu na Kiembu. Na sote tunajua mtu anavyoteleza katika lugha ya jirani: hatelezi kwenye neno geni, anateleza kwenye lile analodhani ni la kwao.

Mwache kwanza afurahie alicho nacho. Mwambie aandike "ik werk", kisha "hij werkt". Kiholanzi humwongezea nafsi ya tatu herufi t, kama Kiingereza kinavyoongeza s. Halafu mwambie aandike "hij" pamoja na "kan". Ataandika "hij kan". Mwendeleze: "hij mag", "hij wil", "hij zal". Sasa mwulize, t imeenda wapi? Sijapata bado mtoto aliyewahi kujiuliza swali hilo, na kila mmoja ameinamia daftari lake upya kama amepewa kitu. Kiingereza kina tabia iyo hiyo: he can, he may, he will, bila s. Sheria ambayo mwanafunzi wangu wa Kangemi anaikariri kwa jasho, huyu amezaliwa nayo.

Katika jamaa hao watano yupo mmoja wa kuangaliwa tangu siku ya kwanza, naye ni "wil". "Ik wil naar huis" ni "nataka kwenda nyumbani". Mtoto akisema "I will go home", Mwingereza anasikia "nitakwenda nyumbani", ahadi au mpango, wala si hamu. Hapa Mswahili ana faida ya pekee. Hata "will" ya Kiingereza zamani ilikuwa "taka", kisha ikachakaa ikawa ya wakati ujao, na sisi tumepita njia hiyo hiyo: -ta- ya "atakuja" ilitokana na "-taka", na bado unaiona nzima ndani ya "atakayekuja". Kiholanzi kimebaki na maana ya zamani. Nikimweleza mtoto hivyo, anaacha kuona kwamba amekosea na anaanza kuona kwamba amechelewa kituo kimoja. Zoezi lake ni fupi: kila "wil" ya kwao iwe "want" mpaka ithibitike vinginevyo.

Kufanya nini?

Modali za Kiholanzi ni vitenzi kamili. Zina "ku-" yake: kunnen, mogen, moeten, willen, zullen, kama tulivyo na kuweza na kutaka. Tena zinaweza kusimama bila kitenzi kingine. "Ik moet naar huis" haina neno la kwenda. "Ik kan Engels" haina neno la kuongea. "Mag ik een glas water?" haina neno la kupata. Ndiyo maana utasikia "I must to home", utasikia "I can good English", na mtoto mwenye adabu zake zote atakuuliza "May I a glass of water?"

Dawa yake ni swali moja, nami nauliza kwa Kiswahili: kufanya nini? I must… kufanya nini? Go. I can… kufanya nini? Speak. May I… kufanya nini? Have. Huyu wa Kileleshwa sasa hunitangulia, anajiuliza mwenyewe kwa sauti, "kufanya nini", kabla hajamaliza sentensi. Ongeza kwenye orodha hiyo "Dat kan", ambayo Waholanzi huisema mara mia kwa siku. "That can" si Kiingereza. Ni "That's possible", au "That's fine" mtu akikupendekezea saa ya kukutana.

Kwa sababu ni vitenzi kamili, modali za kwao pia hupangana mbili mbili bila tabu. "Je zult moeten wachten", utalazimika kusubiri, inazaa "You will must wait". "Ik wil kunnen zwemmen", nataka kuweza kuogelea, inazaa "I want to can swim". Ukitazama tafsiri zangu utaona Kiswahili kiko upande wao: utalazimika, kuweza, vyote vinakubali nyakati na "ku-". Kiingereza ndicho kilicho kigumu hapa.

Mimi hueleza kwa matatu. Matatu ya namba 46 ina konda mmoja mlangoni. Modali ya Kiingereza ndiyo konda: inasimama mbele, mlangoni, na mlango hautoshi wawili. Haina mavazi ya kubadilisha pia. Hakuna "to can", hakuna "musting", hakuna "will may". Ukihitaji maana ya pili, itaingia ndani ikakae kama abiria, kwa sura nyingine: can inakuwa "be able to", must inakuwa "have to", may inakuwa "be allowed to". You will have to wait. I want to be able to swim. Mchoree hiyo matatu kwenye karatasi, aweke maneno mlangoni na vitini kwa mkono wake. Huwa tunatumia kama nusu saa, na siioni kuwa imepotea.

Hapa niwaambie wenzangu jambo kwa upole. Sisi Wakenya tuna kosa letu kwenye mlango huo huo: "I can be able to." Linasemwa ofisini, kanisani, mpaka redioni. Tumempa konda kazi, kisha tukamwita na abiria anayefanana naye aifanye tena. Mtoto wa kigeni anayetusikia atalichukua, maana anatuamini. Lisafishe kinywani mwako kabla hujaingia darasani: ama "I can", ama "I'm able to".

Si imekaa wapi?

Sasa tufike kwenye ule ujumbe. Kama una saa moja tu na mtoto huyu, saa yote itumie hapa.

Mpeleke kwa mawazo Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wanaijua, wote wamepelekwa na wazazi wao. Mko ndani ya gari, simba amelala mita ishirini kutoka barabarani. Mwandikie sentensi mbili:

You mustn't get out of the car.
You don't have to get out of the car.

Mwulize ipi inamwokoa mdogo wake. Ya kwanza inamfungia mlango. Ya pili inamwambia kwamba akitaka kubaki garini abaki, na akitaka kutoka, hiari yake. Ya pili ingefaa pale kwenye eneo la kupumzikia, ambapo watu wanaruhusiwa kushuka wale mkate wao. Mbele ya simba, ni kumpoteza mtoto.

Kisha mwulize anatoka wapi, na usiruke hatua hii. Mtoto wa Uholanzi ana vitenzi viwili tofauti kwa mambo haya mawili. Katazo ni "Je mag niet uitstappen". Kukosekana kwa ulazima ni "Je hoeft niet uit te stappen", na kile kitenzi "hoeven" hakina jamaa katika Kiingereza cha kila siku, ndiyo maana anapokitafuta mkono unamwangukia "must". Yeye ukishamfungia "hoeft niet" na "don't have to" kwa kamba moja, na "mag niet" na "mustn't" kwa nyingine, amepona. "Needn't" nayo inafaa kwa "hoeft niet", ila akumbuke haifuatwi na "to": you needn't wait. Mwambie pia kwamba "moet niet" ya kwao mara nyingi ni ushauri. "Dat moet je niet doen" ni mama anayesema usifanye hivyo, si vizuri, na Kiingereza chake ni "You shouldn't do that".

Mtoto wa Ubelgiji ni kazi nyingine. Kwake "moet niet" ndiyo hiyo "hoeft niet". Anayo "moet niet" inayobeba hata kazi ya "hoeft niet", na inafanana na "must not" neno kwa neno. Huyo usimpe kamba ya "hoeft niet", kwa sababu kwake imeungana na "moet niet". Mpe Kiswahili.

Tazama tulicho nacho:

Si lazima uje.
Usije.

Silabi ni ile ile, "si". Katika sentensi ya kwanza imekaa juu ya ulazima: ulazima ndio haupo. Katika ya pili imeingia ndani ya kitenzi cha kuja: kuja ndiko kusikokuwepo. Ukitaka kuzipanga sawasawa kabisa, ya pili ni "ni lazima usije". Kiingereza kinafanya vivyo hivyo ila kinaficha. Katika "don't have to come", not imekalia have to. Katika "must not come", not imeruka must ikakalia come. Watoto hawa wameishi Nairobi, "usiguse" na "si mbaya" wamezisikia kwa dada wa nyumba na kwa soja wa getini tangu wafike. Nilipomwandikia huyu kijana sentensi hizo mbili na kumwuliza "si imekaa wapi?", alinyamaza muda, kisha akachukua kalamu akafuta ule ujumbe wake wa zamani aliokuwa ameunakili kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika upya: "You don't have to come at three."

Kisha mazoezi, mengi. Namwambia aandike sheria kumi za nyumbani kwao, za kweli. Viatu mlangoni, mbwa asipande kochi, simu mezani wakati wa kula, kitanda kutandikwa, Jumapili kuamka mapema. Anazisoma moja moja na mimi natumia mikono: kiganja mbele kama askari wa barabarani ni "mustn't", viganja viwili juu vikitazama dari ni "don't have to". Yeye aseme sentensi kufuata mkono, kisha tubadilishane, mimi niseme yeye aonyeshe. Wiki tatu mfululizo, dakika kumi mwanzo wa kila somo. Naweza kuonekana nakazia sana, lakini makosa mengine ya Kiingereza yanamfanya mtu aonekane mgeni tu. Hili linamfanya aseme kinyume cha moyo wake.

"May not" ipite haraka: "He may not come" inaweza kuwa "huenda asije" au "haruhusiwi kuja". Mwingereza mwenyewe hutegemea mazingira. Mshauri mtoto atumie "might not" kwa la kwanza na "isn't allowed to" kwa la pili, na asonge mbele.

Simu moja, sentensi tatu

Wakati uliopita ndipo Mholanzi anapopotea akiwa anajiamini. Kwa kwao, "Hij had moeten bellen" ni "alipaswa kupiga simu", na alama ya wakati uliopita iko mwanzoni, kwenye "had". Anaihamisha kama ilivyo: "He had must call." Kiingereza huacha modali mlangoni na kuusukuma wakati uliopita nyuma yake: He should have called.

Weka simu mezani, mfundishe sentensi tatu kwa simu hiyo moja. Skrini tupu, baba aliahidi na mmekaa mkisubiri: He should have called. Alipaswa kupiga, na sote tunajua hakupiga. Skrini ina simu tatu zilizokosewa kutoka namba usiyoijua: He must have called. Lazima alipiga yeye. Ni kukisia kwa ushahidi. Ya tatu, baba alikuwa mkutanoni, shule ikamtumia ujumbe kwamba mtoto ana homa: He had to call. Ilibidi apige. Must yenyewe haina wakati uliopita wa ulazima, "had to" ndiyo inayoshika zamu. Kiswahili kinatenganisha vizuri sana hapa, lazima alipiga na ilibidi apige, kwa hiyo mwalimu mwenyewe ukichanganyikiwa katikati ya somo, tafsiri kimoyomoyo na utajua unataka ipi.

Kuna mtego mmoja unaojificha. "Mocht" ni wakati uliopita wa "mag", na sura yake inamvuta mtoto kwenye "might". Binti ninayemfundisha Loresho, wa familia ya Uholanzi, aliwasimulia wenzake shuleni kuhusu sherehe ya wiki iliyopita: "I might not go." Wenzake wakamwuliza ni lini. Alikusudia "Ik mocht niet gaan", sikuruhusiwa kwenda. Kiingereza chake ni "I wasn't allowed to go". "Might" imeshaacha ruhusa karibu kabisa katika maongezi ya leo, imebaki kwenye huenda.

Na "kon", wakati uliopita wa "kan"? "I could swim when I was five" ni sawa, ule ni uwezo wa kudumu. Lakini tukio moja lililofanikiwa, kwa mfano barabara ilifungwa jana na bado ukafika, ni "I was able to get here" au "I managed to get here". Akisema "I could come", msikilizaji anasubiri aambiwe ni siku gani. Kwenye ukanushi hakuna shida, "I couldn't come" inatosha.

Nani anabisha geti?

Kukisia ni sehemu rahisi kwao, siitumii muda mrefu. Geti linagongwa. Umesikia pikipiki na mlio wa mtungi: That must be the gas man. Hujasikia kitu: It might be the gas man, au could be. Ndiyo saa yake ya kawaida: That'll be the gas man, ambayo Mholanzi anayo tayari kwa "Dat zal hem wel zijn". Alileta mtungi jana: It can't be the gas man. Sisitiza hilo la mwisho. Kinyume cha "must" ya kukisia ni "can't". Kiswahili kinakubali, hawezi kuwa yeye, na Kiholanzi pia kinakubali, kwa hiyo mzuie tu asilete "mustn't" hapa kwa kuwa ameizoea kule kwenye simba.

Kuomba

Watu wamezoea kusema Waholanzi ni wakavu. Mimi nimekaa mezani kwao, na naona adabu yao iko kwenye vineno vidogo ambavyo havisafiri. "Ik wil graag een koffie" ni ombi zuri. "Graag" ndiyo iliyobeba heshima. Mtoto akifika kwenye mkahawa wa Yaya Centre anaacha "graag" mlangoni kwa kuwa haina tafsiri, anabaki na "I want a coffee", na mhudumu anakunja uso. Mfundishe "I'd like" kama neno moja, asiichambue. Vivyo hivyo "Kun je even…", "unaweza kidogo…", ambayo ile "even" huilainisha. Bila hiyo, kwa mtu mzima atumie "Could you".

Na sisi tusijione tumefika. Kiswahili huweka heshima kwenye "naomba", na kitenzi kikibaki cha amri, "naomba nipe", hakuna anayekasirika. Mkenya akivuka na amri ile, "Give me water", ameiacha "naomba" nyuma kama Mholanzi alivyoiacha "graag". Nawafundisha wote wawili, wa Loresho na wa Kangemi, kwa sentensi moja: naomba ni "Could I have", na mwishoni "please".

Zawadi nawawekea mwisho. "Zullen we gaan?" ni "Shall we go?" moja kwa moja. "Zal ik het raam opendoen?" ni "Shall I open the window?" Hata Kiswahili kinaingia bila kusukumwa: Twende? Nifungue dirisha? Lugha tatu zinakutana mahali pamoja, na mtoto aliyesahihishwa wiki nzima anapata kusema sentensi kumi mfululizo ambazo sigusi hata moja.

Yapo ninayoyaacha hadi mwaka wa pili. "Ought to" wataikuta vitabuni, ni "should" yenye "to". "Dare" isubiri. Na "needn't have" nilikuwa nimeiahirisha pia, mpaka Aprili 27, ambayo ni Siku ya Mfalme kwa Waholanzi. Sikujua. Nilifika Loresho saa tisa kamili nikiwa nimetembea kutoka Kangemi na mfuko wa karatasi za mazoezi, nikamkuta binti getini amevaa rangi ya chungwa kuanzia kichwani hadi viatu, familia nzima inaingia garini kwenda kwenye sherehe. Aliniangalia, akaangalia vumbi la viatu vyangu, akashika mkono wangu. "Oh, teacher. You needn't have come."

Sijui aliipata wapi. Kuja kumeshafanyika, haja haikuwepo, na pole ya mtu imo ndani yake. Mama yake akasema nisirudi na kiu, akaniletea juisi pale pale getini, nikainywa wakinisubiri na injini inanguruma.